Jina Nililoliandika Visiga

Mmeniomba niwaandikie habari za wanyama. Mwalimu wenu wa klabu ya mazingira alikuja hapa kwangu Mkuza na barua yenye muhuri wa shule, akanywa chai yangu vikombe viwili, akasema mngependa kitu kifupi, cha kuchekesha, cha kuwatia moyo wale mnaotaka kuingia kazi ya maliasili. Nimekubali. Ya kuchekesha yatakuwepo kidogo, maana kazi yenyewe ilikuwa na vichekesho vyake. Lakini kuhusu kuwatia moyo sijui. Mimi nikikaa kuikumbuka kazi yangu, kinachonipanda kwanza ni hasira, na mtu mzima akifika umri wangu hana sababu ya kuificha.

Nilikuwa afisa wanyamapori msaidizi, Kibaha na Kisarawe, tangu nikiwa msichana mwenye kiuno mpaka nilipopewa khanga na saa ya ukutani ya kustaafu. Watu waliniita Mama Maliasili. Msidhani nilikuwa nazunguka na gari la wazi nikitazama tembo. Kazi yangu ilikuwa nyani kwenye mahindi ya watu wa Mlandizi, chatu kwenye choo cha mjane, fisi aliyekula mbuzi, na komba aliyeingia darini akawafanya watu wahame nyumba kwa kudhani ni jini. Na kila tukio lilikuwa na fomu yake. Mtoto anayetaka kazi hii kwa sababu anapenda wanyama, nampenda, lakini nitamuuliza kwanza kama anapenda kuandika.

Siku yangu ya kwanza nilipelekwa hapa hapa Mkuza, kulikuwa na ngedere kaingia dukani kwa mtu. Nilivaa sare mpya, nikabeba wavu, nikaingia kwa kishindo. Ngedere alikuwa juu ya shelfu la sabuni, anakula mkate kwa utulivu. Nilipomsogelea akaruka begani kwangu, akaingiza mkono mfukoni, akatoa ndizi mbili nilizojiwekea za mchana, akapitia dirishani. Mbaya zaidi aliondoka na kalamu yangu. Watu wa Mkuza walicheka mpaka mwenye duka akasahau hasara yake.

Aliyekuwa amenipeleka ni mzee Kondo, Mzaramo wa Kisarawe, mtu mfupi, mkavu, asiyependa maneno mengi. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alisimama mlangoni muda wote mikono nyuma. Tulipotoka akaniambia, "Umekwenda kumkamata mwizi na chakula mfukoni. Kesho uje na mifuko mitupu." Tangu siku hiyo sijaweka hata pipi mfukoni nikiwa kazini, na ninyi msiweke.

Mengine aliyonifundisha nitayataja harakaharaka. Mnyama aliyejificha usimzibie njia zote, muachie moja, na hiyo moja ndiyo uweke wavu. Tumbili usimshike mkia, atageuka na meno kabla hujamaliza kujisifu. Nyani dume usimtazame machoni. Mkulima aliyeliwa mahindi usimwambie "vumilia," mwambie unakuja lini, kisha uende siku hiyo hiyo uliyosema. Hili la mwisho nimeona maofisa wengi wenye digrii wakilishindwa. Nimewaona wazee wa Mlandizi wamelima ekari mbili kwa jembe la mkono, nyani wamezimaliza kwa asubuhi mbili, na ofisi inawajibu kwamba suala lao linashughulikiwa. Halafu tunashangaa wakitega sumu.

Siku hizi mambo yamebadilika. Mtu akiona nyoka anapiga picha, anarusha kwenye kundi la mtaa, na kabla hujafika watu hamsini wameshatoa ushauri. Kuna bunduki za sindano za usingizi, kuna ramani kwenye simu. Sisi tulikuwa na gunia, kamba na mzee Kondo. Sisemi zamani kulikuwa bora. Ningepata simu yenye kamera siku ile ya Visiga, leo nisingekuwa naandika haya.

Kabla ya Visiga lazima niwaeleze kosa langu la nyama, maana ndilo lililozaa kanuni. Tulimkamata mtu Kisarawe na sufuria la nyama jikoni. Ilinukia paa, mimi nimekulia pwani hii, paa namjua kwa harufu. Nikaandika kwenye hati: "Amekutwa na nyama ya paa." Mahakamani wakili wake akaniuliza, "Shahidi, ulimwona paa?" Nikasema hapana. "Ulimwona nani?" Nikababaika, nikasema, "Niliona mchuzi." Hakimu mwenyewe aliinama kuficha kicheko. Kesi ikafa pale pale.

Mzee Kondo hakunigombeza. Aliniambia tu, "Andika ulichokiona. Unachokijua kaa nacho." Niliichukua kanuni hiyo nikaishika kwa miaka mingi. Hati zangu zikawa safi mno, waendesha mashtaka wakawa wananiomba niandike mimi. Nilikuwa na sifa, jamani. Nilikuwa naambiwa mbele ya watu kwamba kesi ikiandikwa na Mama Maliasili haianguki. Kumbukeni kwamba nilikuwa na sifa.

Sasa tuje kwa sokwe. Najua mnamjua kwa picha. Huku kwetu hayupo, hajawahi kuwepo. Sokwe wa nchi hii wako mbali kabisa, magharibi, kandokando ya ziwa, na wamebaki wachache kiasi kwamba kila mmoja anayepotea ni pengo. Mtoto wa sokwe hashuki mwilini kwa mama yake. Ananing'inia tumboni, akikua anapanda mgongoni, ananyonya miaka. Mama hamtoi. Kwa hiyo ukimwona mtoto wa sokwe kwenye bustani ya mtu, amefungwa kamba ya kupambia kiunoni, ujue mama ameuawa, na pengine na ndugu waliokuja kumtetea. Wanaua familia nzima ili wapate kitoto kimoja cha kupigwa picha kwenye sherehe za watu. Niliposoma hilo chuoni nililisoma tu. Nilipoliona Visiga nilitaka kumpiga mtu.

Visiga kulikuwa na bustani ya sherehe, ndani kidogo kutoka barabara ya Morogoro. Mwenyewe kila mtu alimwita Bosi, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa na tausi, kobe, sungura, na tumbili wawili kwenye banda. Watu walikodi bustani kwa harusi na kumbukumbu za kuzaliwa za watoto. Tukaletewa habari kwamba siku hizi kuna "nyani asiye na mkia" anayevalishwa gauni. Asiye na mkia, basi nikajua. Tukaenda asubuhi, mimi, polisi wawili na dereva.

Bosi alitupokea vizuri sana. Soda baridi, viti vya plastiki, "karibu dada yangu." Nikamwambia tunataka kumwona mnyama. Akasema, "Yupo na mtoto huko nyuma. Mimi mwenye eneo tu, dada, hayo mambo ya wanyama siyajui." Mlinzi akatangulia, tukamfuata mpaka kwenye stoo ya viti. Akatoa ufunguo kwenye mkanda wake, akafungua kufuli, akasukuma mlango.

Ndani kulikuwa na msichana wa miaka kama kumi na mbili, amekaa juu ya mkeka kati ya viti vilivyopangwa, na kitoto cha sokwe kimemkumbatia shingoni. Nitamwita Mwanahawa. Jina lake la kweli ninalo, na ruhusa ya kuandika habari hizi alinipa mwenyewe, mtu mzima sasa, kwa sharti hilo moja la jina. Alisimama, akanisalimu, "Shikamoo." Kwenye mikono yake kulikuwa na alama za meno, nyingine mpya, nyingine zimepona zamani. Kitoto kilinitazama mimi na sare yangu, kikapiga ukelele, kikajificha ndani ya khanga yake.

Mambo ya Mwanahawa niliyajua baadaye, lakini nitawapa hapa ili msipotee. Baba alikufa, mama akaolewa mbali, akabaki na bibi yake kijiji cha Msimbu, Kisarawe. Mtu mmoja anayefahamiana na Bosi akaja kijijini, akamwambia bibi kwamba kuna mtu mwema Visiga anasomesha watoto. Bibi akakubali, akamfungia nguo kwenye mfuko. Walimtaka kwa sababu kile kitoto kilikuwa kinakaribia kufa. Kilikataa chupa kwa kila mtu mzima, kikawa kinapiga kelele kikiona wanaume. Wakagundua kikiwekwa kifuani kwa mtoto kinatulia. Basi wakatafuta mtoto ambaye hakuna atakayemuulizia. Shule hakuiona. Alikibeba mgongoni mchana kutwa, akalala nacho stooni, na siku za sherehe wote wawili walivalishwa magauni ya rangi moja, wageni wakapiga nao picha. Mamia ya watu waliingia bustani ile wakampiga picha mtoto wa watu mwenye majeraha ya meno, wakala biriani, wakaondoka.

Na mimi pia niliingia, nikaondoka. Hapo ndipo hasira yangu inaponigeukia mwenyewe.

Hati ya ukamataji ina mstari mmoja unaosema: jina la aliyekutwa na nyara. Nyara ya serikali, ndivyo mnyama pori anavyoitwa kisheria. Jua lilikuwa linapanda, kitoto kilikuwa kinahara, na mimi akili yangu yote ilikuwa kwake: maji, kivuli, safari. Polisi akasema, "Mama, jaza hapo twende." Nikaangalia nani amemshika mnyama. Amemshika Mwanahawa. Nikaandika nilichokiona. Nikaandika majina yake matatu, nikamgeuzia hati asaini. Akaniuliza, "Niandike yote matatu?" Nikamwambia ndiyo. Akaandika taratibu, herufi za shule ya msingi, zimesimama wima. Nikamwambia, "Una mwandiko mzuri." Akatabasamu.

Kitoto hakikukubali kutoka kwake, kwa hiyo tukampandisha Mwanahawa nacho nyuma ya gari mpaka kituo chetu cha kupokelea wanyama. Pale nilitumia ujuzi. Ukitaka kumtenganisha mnyama mchanga na mlezi wake, chukua nguo ya mlezi iliyovaliwa, isiyofuliwa, umfunge nayo. Harufu itamtuliza. Nikamwomba Mwanahawa khanga yake. Akaivua, akabaki na gauni lililochanika bega, akasema, "Akilia mpigepige mgongoni polepole, hapa chini ya shingo." Nikafanya hivyo, kikatulia. Polisi wakasema wanamchukua msichana kwa ajili ya maelezo. Nikasema sawa. Nilidhani ni shahidi. Sikuuliza.

Zikafuata wiki za sifa. Kitoto kilipona, kikanenepa, kikaletewa daktari wa wanyama, maziwa ya kopo, na mhudumu wa zamu mbili. Ofisi ikaandaa hafla, nikapewa cheti, nikapigwa picha nimekibeba, kikiwa kimeshika ile khanga. Picha hiyo ilibandikwa ofisini mlangoni. Kisha kikachukuliwa kupelekwa hifadhi maalumu ya sokwe yatima, kwa ndege, jamani, kwenye sanduku lenye matundu ya hewa na godoro. Nililia kilipoondoka. Watu wakaniambia nina moyo.

Kisha nikaletewa hati ya wito wa mahakama. Shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka. Nikasoma jina la mshitakiwa mara mbili, mara tatu, nikakaa chini kwenye ngazi za ofisi.

Majina yote matatu, kwa mpangilio nilioandika mimi.

Nikaenda kuomba jalada. Bosi alikuwa ametoa maelezo yake kwa utulivu kama alivyogawa soda. Alisema msichana alitoka kwao Msimbu na mnyama huyo, watoto wa vijijini Kisarawe ndivyo walivyo, wanakamata wanyama porini, yeye aliwaonea huruma akawapa pa kulala. Jalada lile lilipita meza tatu za watu wazima wenye mishahara, na hakuna hata mmoja aliyeandika pembeni kwamba Kisarawe hakuna sokwe. Kutoka Msimbu mpaka kwenye msitu wenye sokwe ni kuvuka nchi nzima. Mtoto ambaye hajawahi kufika mbali kuliko Visiga anashitakiwa kwamba alikwenda kule peke yake, akaua sokwe jike, akarudi na mtoto wake mgongoni. Na alikuwa mahabusu ya watoto, mjini, tangu siku ile nilipoichukua khanga yake. Kesi za nyara dhamana yake ni ngumu, na hakuna aliyekuja kuiomba. Bibi yake alikuwa hajaambiwa kitu.

Nilikwenda kwa mkuu wangu. Nitasema haki, hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu anayetaka siku iishe. Akanisikiliza, akasema, "Mwanahawa ni mtoto, hawezi kufungwa. Ataonywa, atarudi kwao. Ukianza kubadilisha hati sasa, mawakili watasema hati zako zote ni za kubadilisha. Una kesi ngapi mahakamani?" Nikasema kumi na moja. "Unataka majangili kumi na moja watoke kwa ajili ya mtoto ambaye atatoka tu?" Mnaona jinsi linavyoingia akilini. Niliondoka pale nikiwa karibu nikubali. Nilikaa na hilo siku mbili nzima, nikila, nikilala, na yeye yuko mahabusu. Siku mbili hizo ni zangu, siwezi kumtupia mtu.

Siku ya tatu nikaenda Kisarawe kwa mzee Kondo. Alikuwa amestaafu, macho yamepungua nguvu, anaishi na binti yake. Nikamweleza yote. Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa, nikamwambia, "Mzee, ulinifundisha niandike nilichokiona. Nimeandika nilichokiona, na mtoto yuko ndani."

Halafu akaniuliza, "Mlango wa hiyo stoo ulikuwa wazi?"

"Ulikuwa na kufuli."

"Ndani au nje?"

"Nje."

"Ufunguo alikuwa nao nani?"

"Mlinzi. Kwenye mkanda."

"Mlinzi wa nani?"

"Wa Bosi."

"Alilala wapi huyo mtoto?"

"Kwenye mkeka. Humo humo."

"Chupa ya maziwa ilinunuliwa na nani? Kilo ngapi za maziwa ya kopo ulizikuta?"

"Makopo yalikuwa kwenye jiko la bustani, mzee. Yamepangwa."

Akapandisha sauti. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, binti yake akatoka jikoni kuja kutazama. "Uliyaona yote haya. Mbona hukuyaandika? Mimi nilikwambia uandike ulichokiona, sikukwambia umwandike mnyama peke yake. Wewe ulimtazama mnyama. Mtoto ulimpita." Akaniambia niondoke nikaandike, na nisirudi kwake mpaka nimeandika.

Vijana, mtasikia watu wakilaumu fomu. Ni kweli ile fomu ina mstari mmoja tu. Lakini nyuma ya fomu ile kuna ukurasa mweupe mzima, wa maelezo ya ziada, na mimi niliuacha mweupe kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuokoa sokwe. Sokwe alistahili kuokolewa, narudia, mtu asije akasema Mama Maliasili amegeuka. Siku ile vilikuwa vitoto viwili vilivyoibwa kwa watu wao, na gari lilikuwa na nafasi ya wote wawili. Mimi nikakifungulia jalada la mgonjwa kimoja, kingine nikakifungulia jalada la jinai.

Nikaandika maelezo ya nyongeza, kurasa nne. Kufuli na upande lilipokuwa. Mkanda wa mlinzi. Mkeka. Makopo ya maziwa na mahali yalipopangwa. Magauni mawili ya rangi moja, moja dogo mno kwa binadamu. Alama za meno zilizopona, ambazo zinaonyesha miezi. Mwishoni nikaandika na ninachokijua, kwamba sokwe hawapatikani mkoa huu wala wilaya hii, na yeyote atakayesema vinginevyo aulizwe aliwaona wapi. Nikampelekea mwendesha mashtaka mkononi. Alikuwa mwanamke kijana, alisoma kurasa zote nimesimama, akasema, "Mama, hii ungeileta mwanzo." Nikamwambia najua.

Shitaka liliondolewa. Msichangamke. Bosi aliitwa, akatoa maelezo mapya, mlinzi wake akabebeshwa mzigo, bustani ikafungwa kwa muda kisha ikafunguliwa na jina jingine na rangi mpya ukutani. Kesi zangu mbili kati ya kumi na moja zilianguka kweli, mawakili walizitumia zile kurasa nne kama mkuu wangu alivyosema. Mimi nikaandikiwa uhamisho kwenda stoo ya vifaa Kisarawe, kuhesabu mabuti na mahema, na huko nikakaa mpaka karibu na kustaafu. Mkiambiwa kwamba ukisema kweli unalipwa, muulizeni huyo anayesema alilipwa nini.

Nilikwenda mwenyewe mahabusu kumchukua mtoto, pamoja na dada wa ustawi wa jamii mwenye barua. Mwanahawa alitoka amenyolewa nywele, amevaa ndala zisizofanana. "Shikamoo," akasema. Nikaitika marahaba. Kitu cha kwanza alichouliza ni, "Anakunywa?"

Nikamwambia anakunywa. Nikamweleza habari za hifadhi, daktari, godoro, sokwe jike mkubwa aliyekubali kumlea. Alisikiliza kwa makini, akaniuliza kama wanajua kumpigapiga mgongoni. Nikasema nimewaandikia. Akauliza, "Wamempa jina?"

"Wamemwita Bahati."

"Zuri," akasema. "Mimi humu walikuwa wananiita Sokwe."

Hakulisema kwa kulalamika. Alikuwa ananipa habari, kama nilivyompa yeye. Yule dada wa ustawi akageuka kutafuta kitu kwenye mkoba wake, na nadhani hakukuwa na kitu alichokuwa anakitafuta.

Tulifika Msimbu saa za adhuhuri. Bibi yake alikuwa anapepeta mpunga uani. Aliacha ungo ukaanguka, akamshika mjukuu kichwa kile kilichonyolewa kwa mikono miwili, akamkagua kama anayehakiki kwamba ni yeye. Kisha akanishika mimi. "Ahsante mwanangu," akasema, "Mungu akuzidishie. Umenirudishia mjukuu wangu." Aliambiwa tu kwamba kulikuwa na kesi na kwamba mama huyu wa maliasili ndiye aliyesaidia. Nilifungua mdomo nimwambie. Naapa niliufungua. Akasema, "Huondoki hujala," akaingia jikoni.

Akatandika mkeka barazani, akaleta sinia la ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Mimi ndiye mgeni, nikawekwa mahali pa heshima, penye mto. Mwanahawa akaja na birika na beseni kuninawisha, akapiga goti kama mtoto aliyefunzwa. Nikanyoosha mikono. Bibi alikuwa ameinamia bakuli, anagawa mboga.

Mwanahawa akaniuliza kwa sauti ya chini, bila ukali wowote, "Uliandika kwa mkono huu?"

Nikasema, "Ndio huo."

Akaumwagia maji. Nilidhani ataacha yakitosha, hakuacha. Beseni likajaa, maji yakamwagika mkekani, yakafika kwenye mto, na yeye anamwaga tu, mkono ule ule mmoja, mpaka birika likatoa tone la mwisho.

"We mwana," bibi akasema, "maji yote hayo?"

"Ulikuwa na wino, bibi," akajibu.

Akanipa taulo. Kisha akaketi, tukala wote watatu sinia moja.